Goti la Mkaguzi

Ni miezi miwili na zaidi sasa tangu nirudi Gatitu, na kila anayenikuta sokoni au nje ya kanisa huuliza swali lilelile: ni kweli uliachishwa kazi kwa sababu ya goti? Nimechoka kulieleza jambo hili nikiwa nimesimama, maana kusimama ndiko kunakoniumiza. Leo nimeketi, mguu uko juu ya stuli, na nitasimulia mara moja kwa wote. Atakayeuliza tena nitamtuma asome hapa.

Kwa wasiojua kazi yenyewe: nilipostaafu upimaji wa mashamba nilipata kibarua cha ukaguzi. Kuna serikali moja ya ng'ambo inayotoa ruzuku kwa vikundi vya huku vinavyotunza mito na chemchemi. Wananchi wa huko, kama walipa kodi wa popote, wanataka kujua kama miti waliyoambiwa imepandwa ipo kweli. Ofisi yao ya Nairobi haiwezi kuiona kutoka dirishani, basi hututuma sisi. Mimi huenda mahali palepale palipoandikwa, nikatazama kwa macho yangu, nikapiga picha, nikaandika nilichokiona. Nikiandika "haipo", kikundi kinaondolewa kwenye orodha na mambo yameishia hapo.

Safari hii nilikuwa na vikundi vitatu. Wakulima wa mpunga wa Wang'uru, wafugaji wa kando ya mto karibu na Nanyuki, na akina mama wa chemchemi moja iliyo juu ya Othaya. Hao wa Othaya ndio waliokuwa na mengi ya kupoteza. Walikuwa wameng'oa mikaratusi iliyokuwa ikinyonya chemchemi yao, wakapanda mikuyu sitini kuizunguka. Nikithibitisha kwamba mikuyu ipo, awamu ya pili ya ruzuku ingewaletea pampu na bomba la kupandisha maji hadi kijijini. Nisipothibitisha, wangeendelea kuyabeba mgongoni kutoka bondeni kama mama zao walivyofanya.

Kabla ya kuondoka nilimpigia simu mwenyekiti wao, Njoki, kumwambia kwamba ningemalizia kwao. Akaniuliza habari za nyumbani, nikamjibu. Akaniuliza habari za afya, na hapo ndipo nilipoiharibu safari nzima.

"Mimi ni mzima," nikasema, "ni hili goti la kushoto tu. Mabonde yananiua."

"Pole sana, madam. Usijali. Tutaona vile tutafanya."

Nikakata simu nikaendelea kufunga mzigo.

Gatitu hadi Wang'uru: mpunga nisioula

Aliyeniendesha ni jirani yangu Muriuki, mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mwenye gari dogo jeupe aina ya Probox na tumbo lisilokuwa na mwisho. Nilimchagua kwa sababu hapigi kelele barabarani. Sikujua kwamba angenifaa pia kwa kula.

Ofisi yetu ina sheria kwamba mkaguzi hali wala hanywi kwa anayemkagua. Ni sheria nzuri, lakini aliyeiandika hajawahi kutembelea nyumba ya mtu Mlima Kenya. Mimi hubeba chupa yangu ya chai na mfuko wa viazi vitamu vilivyochemshwa, na kila mahali huanza kwa kuwavunja watu moyo. Muriuki hakuweka sahihi karatasi yoyote, kwa hiyo alikula sehemu yake na yangu.

Tulifika Wang'uru mapema, lakini siku hiyo ilikuwa zamu ya kufungulia maji mashamba ya upande ule, na njia ya kwenda kwenye mfereji ilikuwa chini ya maji. Kikundi kilikuwa kimepanda mianzi kando ya mfereji ili kingo zisibomoke. Mwenyekiti, Mzee Gachoki, alitutazama na kusema kwa utulivu mkubwa, "Hii maji ikiingia haiambiwi rudi. Ni kesho."

Basi tukakaa. Mchana wakaleta pishori, mchele ule ambao harufu yake hukufikia kabla ya sahani, pamoja na kuku na ndengu. Nikashukuru, nikasema siwezi, nikatoa viazi vyangu. Wakanong'onezana. Jioni wakaleta tena, nikakataa tena. Kesho yake asubuhi, kabla hatujaenda kwenye mfereji, Mzee Gachoki alivua kofia, akawataka wote wasimame na kuinamisha vichwa.

"Baba," akaomba, "tunamleta huyu mama mbele yako. Yuko kwa mfungo, na hajatuambia ni ya nini. Lakini wewe unajua. Mpee kile anatafuta."

Nilisema amina. Ningesema nini? Muriuki alisema amina kubwa kuliko yangu, mdomo ukiwa umejaa.

Mianzi ilikuwepo. Tuliizunguka viatu mkononi, matope yakitufika vifundoni, na goti langu likanilaani kila hatua. Nilipokuwa nikinawa miguu Njoki akapiga simu kuuliza nimefika wapi, na goti je? Nikamwambia tumechelewa siku moja.

"Hiyo ni sawa kabisa, madam. Hata tuongeze siku kidogo. Kuna kitu tunakutengenezea. Hautashuka bonde vibaya."

Nilifurahi. Nikamwambia Muriuki kwamba akina mama wa Othaya wananichongea ngazi, na kwamba ndivyo watu walioendelea wanavyofikiri.

Chuka: siku mbili za beringi

Njia ya kuuzunguka mlima kutoka Wang'uru hupitia Embu, kisha Chuka, kisha Meru. Sisi tuliishia Chuka. Gurudumu la nyuma lilianza kulia tulipouacha mji wa Embu, na tulipofika Chuka lilikuwa linapiga mayowe. Fundi akalivua, akatuonyesha beringi iliyosagika, akasema nyingine itatoka Meru "leo jioni". Ilifika kesho kutwa, saa nne asubuhi.

Sitadanganya, siku hizo mbili zilikuwa nzuri kuliko zote. Chuka sikuwa na mtu wa kukagua, kwa hiyo ningeweza kula. Karibu na gereji kulikuwa na mama mwenye kioski cha mabati aliyepika ndizi na nyama, mchuzi mzito, na juu yake parachichi. Nilikula siku ya kwanza, nikala tena. Siku ya pili aliponiona naingia alicheka.

"Mama, wewe hukulishwa nyumbani?"

"Nilikuwa kwa mfungo," nikamwambia.

"Na umefungua kwangu! Hiyo ni baraka," akasema, akaniongezea nyama.

Njoki alipiga simu tena. Nikamweleza habari ya beringi. Nilitarajia asikitike, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepunguziwa mzigo. "Wacha gari itengenezwe pole pole," akasema. "Na sisi tunaendelea. Imebaki nusu." Nyuma yake nilisikia wanawake wakiimba wimbo wa kazi. Nikawaza ngazi zile zitakuwa imara sana.

Nanyuki: ng'ombe waliofichwa

Kutoka Meru barabara hupanda hadi Timau, kwenye mashamba ya ngano na baridi ya kukata masikio, kisha hushuka taratibu kuelekea Nanyuki mlima ukiwa mkono wa kushoto. Siku hiyo ulikuwa wazi kabisa, hata theluji kidogo iliyobaki ilionekana. Muriuki alisimamisha gari akautazama, akavua kofia, akavaa tena, tukaendelea.

Kikundi cha Nanyuki kilikuwa kimekubaliana kuacha ukingo wa mto upumzike ili nyasi na miti irudi. Mwenyeji wetu alikuwa Mzee Hassan, mfanyabiashara wa mifugo, mtu mrefu mwenye kofia nyeupe na fimbo nyembamba. Nilikuwa nimewapigia simu siku mbili kabla. Tulipofika, ukingo wote ulikuwa kimya. Hakukuwa na ng'ombe hata mmoja, wala kinyesi kipya. Nilipiga picha nikiwa na wasiwasi, maana miaka yangu ya kupima mashamba ilinifundisha kwamba mpaka usio na ugomvi wowote una jambo.

Mzee Hassan alinitazama nikiandika, kisha akacheka kwa upole.

"Mama, nikuambie ukweli?"

"Niambie, mzee."

"Hawa ng'ombe wamefukuzwa tangu jana asubuhi, kwa sababu yako. Wako huko nyuma ya kile kilima, wana kiu. Ukitaka kuona nyumba ya mtu vile iko, usimwambie unakuja. Ukimwambia, utaona ufagio tu."

Nikamuuliza sasa nifanye nini. Akasema, "Lala mjini. Kesho ukuje vile unataka, na usinipigie simu hata mimi."

Nilirudi kesho yake asubuhi bila kumwambia mtu. Nikakuta ng'ombe wengi, lakini wote wakinywa mahali pamoja tu, kwenye kijia kilichowekewa mawe, na wachungaji wakiwarudisha juu mara tu waliposhiba maji. Ukingo uliobaki haukuguswa. Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano yao halisi, na yalikuwa bora mara mbili kuliko ule ukimya wa jana. Walikuwa wamenificha kitu kizuri kwa kudhani ni kibaya.

Mzee Hassan alinikuta hapo. Alikuwa amesikia, sijui kutoka wapi, kwamba nafunga, na alitaka kujua kama ni mfungo wa Kikristo unaoruhusu maziwa. Nikamwambia hauruhusu. Muriuki akanywa maziwa ya ngamia kwa niaba yangu, akasema yana chumvi kidogo lakini yanateremka.

Tulipokuwa tunarudi kupitia Naro Moru maneno ya ufagio hayakuniacha. Nikamfikiria Njoki na kazi yake ya kunitengenezea. Nikajituliza: ngazi ni ngazi, haziwezi kumficha mtu mti.

Othaya: kiti cha kitambaa

Nililala nyumbani usiku mmoja, nikabadilisha nguo, nikachemsha viazi vingine. Muriuki alinifikisha juu ya Othaya, kwenye ile milima ya majani ya chai, siku iliyofuata baada ya chakula cha mchana. Akaniacha hapo akarudi mjini Othaya kumwona dada yake, akisema angenifuata jioni.

Kikundi chote kilikuwa kinaningoja kando ya barabara, kwenye kituo cha kupimia majani ya chai. Waliimba. Njoki alikuwa mbele, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwembamba, mwenye mikono ya mtu achumaye chai kila siku. Nyuma yake, kwenye kigoda, alikaa mama mkwe wake ambaye kila mtu alimwita Shosho, yaani bibi. Kulikuwa na kiti kimoja kilichofunikwa kitambaa cha kufuma, na hicho kilikuwa changu.

Nikaketi. Njoki akanyoosha mkono kwa fahari.

"Hii ndio miti, madam. Sitini. Hesabu tu ukiwa umekaa hapo."

Kando ya ua wa kituo, katika mistari miwili iliyonyooka, ilisimama mikuyu michanga, kila mmoja ukinifika kiunoni, umewekewa matandazo na kumwagiliwa maji. Nilihesabu. Ilikuwa sitini. Nikafungua simu nikatazama picha za mwaka uliopita. Mikuyu ileile, lakini nyuma yake palionekana jiwe kubwa na maji. Hapa nyuma yake palikuwa na mabati ya kituo na mizani ya chai.

"Na ile ya chemchemi iko wapi?" nikauliza.

"Si ni hii?"

"Hii ni mingine mliyoongeza?"

"Hapana, ni hiyo hiyo. Tuliitoa huko chini tukaileta." Uso wake uling'aa. "Tulibeba na mgongo, siku nne. Na udongo yake, ndio isishtuke."

Niliiweka simu mapajani. Wao wakadhani nimefurahi mno.

"Mliihamisha? Kwa nini, Njoki?"

"Wewe ulisema mabonde inakuua. Sasa tukuue?"

Wote wakacheka, na Shosho akapiga mapaja. Wahenga husema mficha uchi hazai. Mimi nilifichua goti nikakiona cha mtema kuni.

Ilinibidi niwaambie. Katika mafunzo yetu kuna orodha ya dalili za udanganyifu, na ya kwanza kabisa ni miti iliyohamishwa kwa ajili ya ukaguzi. Kuna mahali watu huzungusha miche ileile kwenye lori, ikahesabiwa hapa leo na kule kesho. Mimi mwenyewe nimewasomea wakaguzi wapya orodha hiyo. Nikasema kwamba fomu inauliza kama miti ipo kwenye chemchemi, na kwamba haipo.

Kicheko kikaisha. Njoki aliketi chini kwenye nyasi.

"Lakini hatukuficha," akasema. "Si tumekuambia sisi wenyewe?"

"Mmeniambia."

"Kwani huko kwao," Shosho akauliza kutoka kwenye kigoda, "mgeni akiwa mgonjwa wanamsukuma bonde?"

Nikawaambia kwamba, katika simu zote zile, mimi nilidhani wananichongea ngazi.

"Ngazi?" Njoki akarudia. Akageuka akakitazama kijia kinachoteremka bondeni, chekundu na chenye utelezi. "Haiya. Ngazi."

Chini kwenye chemchemi

Nikavua viatu vizuri nikavaa mabuti. Nilitumia karibu saa nzima kufika chini, sehemu nyingine nikiteremka kwa makalio mbele ya watu niliokuja kuwakagua. Njoki alinishika mkono.

Chemchemi ilikuwa nzuri. Maji yalitoka chini ya lile jiwe kubwa, safi, yakajaza kidimbwi kilichozungushiwa mawe. Kukizunguka kulikuwa na mashimo, mashimo matupu, na baadhi yalikuwa yameanza kujaa maji. Njia nzima ya kurudi juu ilikuwa na nyayo za wanawake waliobeba mizigo mizito. Nilitazama bonde lile na kupiga hesabu ya miti sitini na migongo yao, yote kwa ajili ya sentensi moja niliyoisema nikifunga mzigo, na nilisikia aibu ambayo sijaisikia tangu nikiwa msichana.

Njoki alisubiri hadi tukawa wawili tu.

"Madam, tupee leo tu," akasema kwa sauti ya chini. "Tutarudisha yote. Kesho ukiamka utapata iko mahali yake, unapiga picha, tumemaliza. Hakuna mtu atajua."

Niwaambie ukweli, marafiki? Nilitaka. Ingekuwa rahisi, na mwisho wake miti ingekuwa pale inapotakiwa. Lakini picha hiyo ingekuwa uongo wa kwanza katika jambo hili lote. Mpaka saa ile hapakuwa na aliyedanganya. Palikuwa na ukarimu na mdomo wangu mrefu.

"Hapana, Njoki. Ukifanya hivyo, na mimi nikikubali, ndipo tutakuwa wezi kweli. Nisaidie kuhesabu mashimo."

Hapo kazi yangu ya zamani ikanifaa. Nilisimama pale aliposimama mpiga picha wa mwaka uliopita, nikalinganisha kila mti wa kwenye picha na shimo lake, kutoka kwenye jiwe hadi kwenye kidimbwi. Yalikuwa sitini. Njoki alishika kamba ya kupimia, mimi nikapiga picha za mashimo matupu moja baada ya jingine. Tulipopanda juu mvua ilikuwa imeanza.

Siku ya pili na ya tatu

Mvua ile ilileta udongo barabarani, na Muriuki akapiga simu kusema gari haliwezi kupita hadi udongo uondolewe. Nikalala kwa Njoki. Kuhusu kulala sheria haikusema kitu, nililitazama hilo. Nilikula viazi vyangu viwili vya mwisho. Kando yangu familia ilikula mukimo, viazi vilivyopondwa pamoja na mahindi na majani ya malenge, na sikuthubutu kuutazama.

Asubuhi niliandika ripoti jikoni, kwa moto. Niliandika kwamba siku ya ukaguzi miti haikuwa kwenye chemchemi. Niliandika ilipokuwa, aliyeihamisha na sababu yake. Niliandika kwamba kikundi chenyewe kilinieleza mara nilipouliza, na kwamba mashimo sitini yanalingana na picha. Mwishoni niliandika kwamba kosa la kwanza ni la mkaguzi, aliyelalamika kuhusu goti lake kwa watu waliolelewa vizuri. Nikamsomea Njoki yote.

"Hiyo 'haikuwa' lazima ikae hapo?" akauliza.

"Lazima."

Alichochea moto. "Basi tuma."

Mtandao ulipatikana tu juu kwenye kituo cha chai, chini ya mwavuli. Ripoti ilipoondoka ilikuwa saa sita. Nilirudi jikoni nikaketi.

"Sasa mimi si mkaguzi tena hapa," nikasema. "Nina njaa."

Njoki bado alikuwa na uchungu, na haki alikuwa nayo. Lakini aliinuka akapasha moto mukimo wa jana, akaujaza sahani, na Shosho akauliza kwa nini hakuna supu. Nilikula mpaka nikaona haya. Mvua ilinyesha hadi jioni, na kila mara mmoja wa akina mama alipita kuangalia mikuyu kule kituoni. Majani yake yalikuwa yameanza kulegea.

Siku ya tatu kulipambazuka kukavu. Nilipotoka nje Shosho alikuwa amesimama mlangoni na jembe.

"Mgeni siku mbili," akasema, akanikabidhi.

Hakuhitaji kumalizia. Nilishuka bonde lile kwa mara ya pili, nikakalia jiwe karibu na maji, na kadiri akina mama walivyoteremka na mti mgongoni, kamba ya mzigo ikiwa kwenye paji la uso, mimi nikafukia. Sikufukia mingi. Lakini nilikuwepo mpaka wa mwisho, na kufikia wakati ule hakuna aliyeniita madam. Nilikuwa shosho, nami niliyekuwa nikiwakemea walioniita hivyo pale Gatitu niliitika kila mara.

Gatitu tena

Muriuki alinichukua jioni. Alikuwa ameongezeka uzito.

Ofisi ilinipigia simu baada ya wiki moja. Mkubwa wangu ni mtu wa heshima. Alisema kwamba hajawahi kusoma ripoti ya namna ile, na kwamba kikundi hakitaondolewa bado. Mvua ikiisha atakwenda mkaguzi mwingine kuona kama miti imeshika, na hapo ndipo itaamuliwa. Mimi, akasema, nipumzishe mguu. Nilimwelewa. Sikufutwa, lakini sijaitwa tena, na inaniuma, kwa sababu kazi ile niliipenda.

Mkaguzi mpya ni kijana wa Machakos anayeitwa Mutua. Kabla hajaenda alinipigia kuomba ushauri.

"Mama, kuna kitu nafaa kujua kuhusu hao watu?"

"Kimoja tu," nikamwambia. "Usiwaambie unaumwa mahali popote."

Jana mchana akapiga tena, kutoka chini kwenye chemchemi. Nilisikia maji.

"Mama, mitano imekauka. Mingine yote imeshika, iko na majani mpya. Naandika ipo."

Nilikuwa nimeketi, la sivyo ningeketi.

"Lakini kuna kitu sielewi," akaendelea. "Kwa mpango wa mradi hakuna ngazi. Na hapa kuna ngazi, kutoka barabarani mpaka kwa maji. Wamechonga bonde yote, kila ngazi imewekwa jiwe, hata kuna fito za kushikilia kando. Nimewauliza ni pesa ya nani ilijenga, wanacheka tu. Hii niandike nini?"

Nyuma yake wanawake walikuwa wanacheka kweli, na juu ya kicheko chao nikaisikia sauti ya Shosho ikiuliza huyo kwa simu ni nani, na anakuja lini.

"Usiandike kitu, Mutua," nikasema. "Hizo hazikujengwa na serikali yoyote. Ni za goti langu."